Kama Mbao Zetu Zimeshindwa na Mabati, Ghorofa za Mbao Zasimamaje?



Mwezi wa Oktoba, siku chache kabla ya mvua, upepo uling'oa paa la ghala la kikundi kimoja upande wa Mutomo. Ghala lenyewe lilikuwa halijatimiza miaka miwili. Bahati nzuri kina mama walikuwa wametoka mkutanoni, wako nje chini ya mwembe wakihesabu pesa za mzunguko. Hakuna aliyeumia. Lakini fremu za paa zilianguka ndani, mabati yakaruka hadi shambani kwa jirani, na mvua ya kwanza ilipokuja ilikuta magunia ya ndengu na mbaazi yako wazi.

Tulipowatembelea, tuliwakuta wamekaa wakiziangalia mbao zilizovunjika. Mzee mmoja alituuliza hivi: "Mimi nimesikia redioni kwamba huko Zanzibar watu walitangaza jengo la mbao la ghorofa ishirini na kitu. Sasa niambieni. Kama mbao zetu zimeshindwa na mabati tu, hizo za ghorofa ishirini zasimamaje? Ama tunadanganywa?"

Kina mama walicheka, lakini swali ni zuri sana. Tulimwahidi kwamba tutalijibu katika ukurasa huu, ili na vikundi vingine vya Kitui na Makueni visome. Wengi wenu mko mbioni kujenga: ghala, darasa la nasari, ukumbi wa mikutano. Wengine mmepanda mukau na mnangoja mbao. Basi hebu tuone pamoja.

NI KWELI ZIPO

Mzee hakudanganywa. Mwaka 2021 kampuni ya ujenzi ya mji wa Fumba, Unguja, ilitangaza mpango wa jengo linaloitwa Burj Zanzibar, lenye ghorofa 28 na urefu wa mita 96, sehemu kubwa ikiwa ya mbao. Huo ulikuwa mpango na michoro. Lakini kwingine majengo ya namna hiyo yamekwisha kujengwa na watu wanalala humo. Huko Norway, katika mji mdogo wa Brumunddal, kuna jengo la mbao la ghorofa 18 lililomalizika mwaka 2019. Linaitwa Mjøstårnet, na lina urefu wa mita 85 na kidogo. Mwaka 2022 lilimalizika jingine mjini Milwaukee, Marekani, linaloitwa Ascent. Hilo lina ghorofa 25, ambazo za chini ni za zege na 19 za juu ni za mbao.

Sasa sikilizeni vizuri. Mbao zinazobeba majengo hayo si zile za inchi 4 kwa 2 tunazonunua sokoni Wote au Kitui mjini. Nguzo kubwa kabisa za jengo la Norway zina upana wa karibu mita moja na nusu na unene wa zaidi ya sentimita 60. Hakuna mti uliotoa nguzo hiyo. Iliundwa kiwandani kwa kugandishwa mbao nyingi ndogo.

KWA NINI MTI MMOJA HAUTOSHI

Anayejua nyumba za zamani za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar ameona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haivuki mbali, kama mita tatu hivi. Basi chumba kilikuwa na upana wa boriti yake. Mti ndio uliokuwa ukimwamuru fundi.

Tena mti una kasoro zake. Una vifundo mahali tawi lilipoota, na ubao huvunjikia hapo. Unapokauka hujikunja. Na jambo ambalo wengi hatuliangalii ni hili: ubao unapokauka hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haubadiliki kabisa, lakini kwa upana husinyaa, hata macho yanaona. Ndiyo sababu mlango uliobana wakati wa mvua hulegea wakati wa kiangazi.

Viwanda vilitafuta dawa ya mambo hayo yote. Hukata mbao ndogo, huzikausha, hukagua kila moja na kukata vifundo vibaya na kuvitupa. Kisha huchonga ncha za vipande ziwe kama vidole, vikaingiliana kama unavyofumbata mikono yako miwili, na kutia gundi. Hivyo ubao mfupi huwa mrefu. Baadaye mbao hizo hupangwa moja juu ya nyingine na kubanwa kwa gundi, zikawa boriti moja nene. Kwa sakafu na kuta, mbao hupangwa tabaka kwa tabaka, moja ikielekea kaskazini na inayofuata ikielekea mashariki. Tabaka moja likitaka kusinyaa, jingine linalishika.

Kitu hicho si kigeni kwetu. Plaiwudi ya milango yetu hufuata akili hiyo hiyo, ila tabaka zake ni nyembamba kama karatasi ngumu. Hizo za ghorofa ni kama plaiwudi ambayo kila tabaka lake ni ubao mzima.

Je, kufanya hivyo kunatosha? La. Usalama wa majengo hayo umo katika mambo manne, nayo ndiyo yale yale yaliyoliangusha ghala la Mutomo. Tuyachukue moja moja.

LA KWANZA: UKAVU

Kiwandani, ubao haugusi gundi kabla ya kukauka hadi maji yake yawe karibu asilimia 12 ya uzito wa mti mkavu. Ubao mbichi unaweza kuwa na maji zaidi ya nusu ya uzito huo.

Kule Mutomo tulichukua msumari mmoja kwenye fremu iliyoanguka, tukauvuta kwa vidole viwili, ukatoka! Fundi alikuwa amenunua mbao zikiwa mbichi, zimetoka msumenoni wiki ile ile, na kuzipigilia siku hiyo hiyo kwa sababu lori la mabati lilikuwa limefika. Ubao mbichi hukaza msumari vizuri siku ya kwanza. Ukikauka ukiwa juu, husinyaa na kujikunja, na msumari hubaki ukicheza. Chini ya mabati yenye joto la Ukambani kazi hiyo haichukui muda.

Ninyi mnaweza kupima ukavu bila mtambo. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, kikipime kwa mizani ya duka. Tuseme ni gramu 620. Kikaushe pole pole kwenye oveni ya mikate, au juu ya joto la jiko bila kukiunguza, ukikipima tena na tena mpaka uzito ukome kupungua. Tuseme kimebaki gramu 500. Maji yaliyotoka ni gramu 120. Gawanya 120 kwa 500, halafu zidisha kwa 100. Utapata asilimia 24. Ubao huo bado haufai. Ukipata 15 au chini ya hapo, anza kazi.

Kukausha ni rahisi lakini kunataka subira. Panga mbao kivulini mahali penye upepo, ziinue juu ya mawe zisiguse udongo. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene sawa, vikae mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Ncha za mbao zipake rangi ili zisikauke haraka na kupasuka. Juu kabisa weka mawe mazito kuzuia mbao zisijikunje. Usizianike juani kama mahindi.

LA PILI: GUNDI NA MAJI

Katika ghala lile mlango ulibaki umesimama, lakini ulikuwa umefunguka tabaka tabaka kama kurasa za kitabu. Ulikuwa wa plaiwudi ya ndani, ile ya bei nafuu, na ulitundikwa nje mahali mvua inapopiga. Mbao zake hazikuwa na shida. Gundi ndiyo iliyoshindwa na maji.

Msione ni jambo dogo. Tarehe 2 Januari 2006, katika mji wa Bad Reichenhall, Ujerumani, paa la ukumbi wa kuteleza kwenye barafu liliporomoka juu ya watu. Walikufa 15, wengi wao watoto. Paa hilo lilibebwa na boriti kubwa za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na lilikuwa limesimama tangu miaka ya 1970. Siku hiyo theluji nyingi ilikuwa imelala juu yake. Uchunguzi ulionyesha makosa kadhaa, na mojawapo ni kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya aina isiyovumilia unyevu. Mwaka baada ya mwaka ilidhoofika, na kutoka chini hakuna aliyeona, maana boriti kwa nje ilionekana nzima.

Tunajifunza nini? Kwanza, gundi si moja. Iko ya ndani na iko ya nje. Unaponunua plaiwudi au gundi ya seremala, muulize mwenye duka waziwazi: hii yavumilia maji? Akisita, usiitumie mahali pa mvua wala mahali pa kubeba uzito. Pili, hata ubao usio na gundi huharibiwa na maji. Ukikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu, ukungu huingia na ubao huoza. Kwa hiyo paa litokeze nje ya ukuta, mfereji wa mabati usivuje, na nguzo isizikwe ardhini bali isimame juu ya jiwe au zege. Tatu, panda juu ukague. Mara moja kila mwaka, kabla ya mvua, mtu apande akatazame. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

LA TATU: KIUNGO

Wahandisi wa majengo ya mbao hutumia muda mwingi kwenye viungo kuliko kwenye mbao zenyewe, na wana sababu. Tarehe 15 Agosti 2022, daraja la mbao za gundi huko Tretten, Norway, lilianguka mtoni. Lilijengwa mwaka 2012, miaka kumi tu nyuma! Lori moja na gari dogo vilikuwa juu yake, na madereva wote wawili waliokolewa. Wachunguzi walikuta kwamba lilianzia kwenye kiungo: mahali chuma kilipoishika boriti, pande zima la ubao lilichanika na kutoka.

Kumbukeni hiyo ni nchi tajiri yenye wahandisi na mashine. Kama wao kiungo kiliwaangusha, sisi tuwe waangalifu mara ngapi?

Ili kuelewa kiungo cha paa, fanyeni jaribio hili mkutanoni. Chukueni fimbo mbili, msimamishe kama paa la nyumba, ncha za juu zikigusana. Sukumeni chini kwa mkono. Mnaona nini? Miguu inateleza kwenda nje. Sasa fungeni kamba kutoka mguu huu hadi ule, msukume tena. Zinasimama. Ile kamba ndiyo ubao wa chini wa fremu, unaovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Kazi yake si kubeba dari tu. Inavutwa pande mbili mchana na usiku, ikizuia paa lisisukume kuta.

Kule Mutomo ukumbi ulikuwa mpana kuliko urefu wa mbao. Fundi aliunga ubao huo wa chini katikati kabisa: akalaza ncha mbili pamoja, akapiga misumari mitatu mstari mmoja karibu na ncha. Misumari iliyo mstari mmoja hupasua ubao kama shoka. Fremu zote ziliungwa mahali hapo hapo.

Ikibidi kuunga, fanyeni hivi:
- Ncha mbili zikutane, kisha wekeni vipande vya ubao pande zote mbili, mfunge kwa bolti na washa, si misumari peke yake.
- Msiunge katikati. Sogezeni kando, na fremu inayofuata iungwe upande mwingine.
- Msumari usikae karibu na ncha, na misumari ipishane.
- Kila kiungo kiwe na ukanda wa chuma, si msumari wa kuinamishwa.

Liko jambo la mwisho hapa. Watu hufikiri paa huanguka kwa uzito. Kwetu mara nyingi huinuliwa. Upepo unaotangulia mvua huingia mlangoni na kusukuma mabati kutoka chini, na huku ukipita juu unayavuta. Ghala lile, ule ubao unaolala juu ya ukuta ulikuwa umekalia matofali tu, haukufungwa na chochote. Wakati wa kujenga, acheni nyaya nene au kanda za chuma zilizozikwa ndani ya ukanda wa zege ulio juu ya madirisha, zipande hadi juu, zifunge ubao huo. Kisha fremu ifungwe kwenye ubao, na mabati kwenye fremu. Ni mnyororo: pete moja ikikosekana, zilizobaki ni bure.

LA NNE: MOTO

Mama mmoja alituuliza, "Lakini mbao si kuni? Nani atalala ghorofa ya kumi na nane ndani ya kuni?"

Mama, wewe ndiwe unayelijua jibu kuliko mhandisi. Ukiweka vijiti kwenye mafiga, vinawaka na kuisha kabla chai haijachemka. Ukiweka gogo nene, linaungua nje, linakuwa jeusi, na asubuhi ukilipasua unakuta ndani bado ni mti. Lile tabaka la makaa linaulinda moyo wa gogo.

Wahandisi wameipima habari hiyo. Ubao wa miti laini kama msonobari huliwa na moto karibu sentimita 4 kwa saa. Basi nguzo yenye unene wa sentimita 60 ikiungua pande mbili kwa saa nzima hubaki na sentimita 52, na hiyo bado yaweza kubeba kama ilipangwa hivyo tangu mwanzo. Sasa fanyeni hesabu ya ubao wetu wa inchi 2, yaani sentimita 5. Ukiungua pande mbili, baada ya nusu saa umebaki sentimita moja, na kabla ya saa kwisha hakuna kitu. Hata chuma hakina raha: kikifika joto la nyuzi 600 hivi hubaki na kama nusu tu ya nguvu zake.

Na juu ya unene, majengo hayo yana mabomba darini yanayomwaga maji yenyewe moto ukitokea, kuta nyingi hufunikwa kwa bodi za jipsam, na ngazi za kutorokea hulindwa zisishike moto. Mbao nyembamba zisizo na ulinzi huo ni kitu kingine kabisa. Tarehe 5 Septemba 2024 usiku, moto uliteketeza bweni la mbao huko Endarasha, kaunti ya Nyeri, na wavulana 21 wakapoteza maisha. Na sisi Waukambani hatujasahau Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi 2001. Wavulana 67 walikufa bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma.

Kwa hiyo kama kikundi chenu kinajenga mahali pa kulala au kusomea watoto: milango iwe miwili, ifunguke kwenda nje, isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Taa ya koroboi na jiko visiingie. Mchanga na maji viwe karibu. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na matanga.

MCHWA NA MUKAU

Huko ng'ambo hawana mchwa kama wetu. Kwetu huyu ndiye mkaguzi wa kweli wa majengo! Mbao tatu za ghala lile zilikuwa zimeliwa ndani, nje zikiwa nzuri. Tulikuta kijia cha udongo kilichopanda ukutani kama mshipa. Ukikiona kijia hicho, kibomoe na utafute kinakotoka.

Hapa ndipo Mungu ametupa mukau. Mti huu ni wa nchi kame za Afrika Mashariki, nao KEFRI ya Kitui imeufanyia kazi miaka mingi, hata kuanzisha shamba la mbegu bora pale Tiva. Ukitunzwa huweza kutoa mbao kwa miaka 10 hadi 15, na mchwa haupendi. Lakini angalieni: usugu huo umo katika moyo wa mti, ile sehemu nyekundu ya ndani. Sehemu nyeupe ya nje huliwa kama ubao mwingine. Kwa hiyo mti mchanga uliokatwa kwa haraka ya pesa una moyo mdogo, na mbao zake hazina sifa za mukau. Dalali anapokuja kununua miti ikiwa bado imesimama, jueni umri wake kwanza, na muulize ofisi ya misitu kuhusu vibali vya kukata na kusafirisha.

Kwa mbao nyingine, kama mkaratusi na msonobari, dawa ya kweli ni ile inayosukumwa ndani kwa shinikizo kiwandani, kama nguzo za umeme. Oili chafu hupaka ngozi tu, tena huongeza moto. Na vipande vya mbao zenye dawa msivitumie jikoni kamwe. Dawa nyingine zina sumu inayobaki katika moshi na majivu.

JE, KIKUNDI CHAWEZA KUJENGA GHOROFA YA MBAO?

Vijana wa kikundi hicho walitaka kuongeza ghorofa moja juu ya ghala, pawe na ofisi. Tuliwaambia wangoje. Tarehe 23 Septemba 2019, huko Ng'ando, Dagoretti, Nairobi, madarasa ya ghorofani yaliporomoka juu ya watoto waliokuwa darasani chini. Wanafunzi 8 walifariki. Halikuwa jengo refu. Ilikuwa ghorofa moja tu, ya vitu hafifu.

Ghorofa, hata moja, haikisiwi kwa macho ya fundi. Inataka mhandisi aliyesajiliwa apige hesabu za uzito, na ramani ipitishwe na ofisi ya kaunti. Pesa za mhandisi mnaweza kuzichanga kwa mzunguko wa miezi michache. Kama hazipatikani, jengeni chini, na mjenge vizuri.

JIBU KWA MZEE

Kikundi kile hakikukaa kulia. Walifanya mwethya, wakakusanya mbao zilizopona, wakazipanga kivulini juu ya mawe na vijiti katikati, wakaziacha zikauke. Mhunzi aliwakatia kanda za chuma kutoka kwa mapipa ya zamani. Fundi ni yule yule. Wengine walitaka afukuzwe, lakini mwenyekiti, mama mwenye busara, alisema, "Sisi ndio tuliomharakisha kwa sababu ya lori. Tumlipe siku ambazo mbao zinakauka, na tusimame hapo tukimwangalia." Paa limerudi juu. Mabati mengine yana matundu ya zamani yaliyozibwa kwa lami, lakini fremu ni imara, na ubao wa chini unavuka kwa kiungo cha bolti nne.

Basi mzee wetu, jibu ni hili. Ghorofa za mbao zasimama kwa sababu kila ubao ulikaushwa, gundi yake ilichaguliwa kwa mahali pake, kila kiungo kilipigiwa hesabu, na moto ulifikiriwa kabla ya jengo kuanza. Pale walipokosea hata moja kati ya hayo, nao waliangukiwa, pamoja na utajiri wao. Mbao zenu hazikushindwa na mabati. Zilishindwa na haraka.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mbao za paa letu zilikuwa kavu siku zilipopigiliwa? Nani anajua?
2. Ubao wa chini wa fremu umeungwa wapi, na kwa nini?
3. Paa letu limefungwa ukutani kwa kitu gani? Tupande tukaangalie.
4. Moto ukitokea usiku, watoto watatoka kwa mlango upi? Ufunguo uko kwa nani?
5. Nani kati yetu atakagua paa kila mwaka kabla ya mvua, na atatoa ripoti lini?